Masanduku Saba ya Kuzikwa Durban

Ninyi madereva wa yadi ya Clairwood mmeniuliza, ninyi wa kanisani mmeniuliza, mke wangu ameniuliza kuliko wote, na kila mmoja nimemjibu kipande. Sasa habari inazunguka mjini kwamba nilikwenda Kongo kuchukua maiti ya Myahudi. Hapana. Yalikuwa masanduku saba ya vitabu. Naandika mara hii moja, msome, halafu mniache nilale.

Mzee Vitali mnamjua wachache. Ana miaka sabini na tisa, anakaa Westville, hapa Durban, peke yake na paka wake. Alizaliwa Katanga, kusini mwa Kongo, katika mji mdogo wa migodi ambako wazazi wake, Wayahudi, walikuwa na duka la vitambaa. Aliondoka akiwa na miaka kumi na minane na Kiswahili chake kikasimama hapohapo, kwa hiyo ukifumba macho unamsikia kijana wa Katanga, ukiyafumbua unaona babu mwenye mvi. Alikuja yadi kutafuta dereva Mkongomani mwenye pikapu. Mimi wa Uvira nilivyosikia mzungu anasema "njo vile" na "fasi ile", kama tunavyosema Kongo badala ya "ndivyo" na "mahali pale", moyo ukayeyuka, nikakubali kabla sijauliza ni kazi gani. Hapo ndipo nilipojiponza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wayahudi hawatupi kitabu chenye Jina la Mungu, na hawakichomi. Kikichakaa wanakizika makaburini kama mtu, na heshima kubwa ni kukizika pamoja na mtu aliyekisoma. Kule Katanga, katika ghala moja, vilibaki vitabu vya nyumba ya maombi iliyofungwa zamani. Mzee Vitali alivisomea utotoni pamoja na rafiki yake Nissim, na mwalimu wao alikuwa baba yake Nissim. Sasa Mzee Nissim alikuwa hospitali hapa Durban, anaishia. Alimshika mwenzake mkono akamwambia, "Siku nitashuka, bitabu bishuke na mimi." Mzee Vitali akaahidi.

Tena Wayahudi wanazika haraka, leo au kesho yake, na kaburi likishafunikwa halifunguliwi. Ndiyo kusema tulikuwa tunashindana na pumzi za mgonjwa. Mimi nilitangulia na gari, yeye akaja Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga, kwa ndege. Kurudi alikataa ndege katakata, asitengane na masanduku.

Lubumbashi

Ijumaa mchana tulikuwa tumeshapakia. Masanduku sita ya mbao yalikuwa mazima, la saba halikuwa na kifuniko, limejaa karatasi zilizolegea, nyingine zimeliwa na mchwa. Nikawasha gari. Mzee akaniambia nizime.

"Sabato inaingia. Hatuendi mpaka kesho jioni."

"Papa, mgonjwa anakufa."

"Minajua."

Kesho jioni ilivyofika, mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa ulikuwa unafungwa kwa usiku, kwa hiyo tulikaa mpaka Jumapili alfajiri. Jumamosi nzima alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiimba kwa sauti ya chini, hakushika simu, hakuwasha taa. Mimi nilizunguka ua wa nyumba ya wageni mpaka mbwa wa pale akanizoea. Nilikuwa nimekasirika, na ni vizuri mjue kwamba hasira hiyo ilianza kabla hata hatujasafiri.

Kasumbalesa

Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu nje ya mji. Pikapu zina mstari wake, na sisi tungevuka siku ileile kama si wakala wa forodha aliyekuwa na karatasi zetu. Jua lilikuwa kali, akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku.

"Ondoka! Ondoka juu ya Jina!" Mzee Vitali alipiga kelele mpaka madereva wa malori wakashuka kuangalia.

Wakala akaondoka kweli, na karatasi zetu mkononi. Akarudi Jumatatu saa sita mchana, bado amenuna.

Siku ile moja na nusu ndiyo niliyomfahamu Mzee Vitali. Kila kitu kwake kina baraka yake. Mkate una baraka, maji yana baraka, tunda la mti lina yake, na zao la ardhini lina yake. Nilimpa ndizi akaishika dakika nzima akijadiliana na nafsi yake, kwa sababu mgomba, alisema, si mti wa kweli. Nilikuwa nimemaliza zangu tatu. Nyama ya pale hakula, alikula mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vya kuchoma, na sardini alizokuja nazo. Na kila akitoka chooni alisimama mlangoni, macho chini, akinong'ona. Alikwenda mara nyingi, yule ni mtu mzima. Nikahesabu, nikaingiwa na huruma, nikaenda kumnunulia dawa ya kuhara.

"Ya nini hii?"

"Papa, naona tumbo linakusumbua mpaka unalia mlangoni."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kumbe ile nayo ni baraka. Wanamshukuru Mungu kwamba matundu ya mwili yamefunguka yanapotakiwa na kufungika yanapotakiwa.

"Hata choo, Papa?"

"Njo choo zaidi. Jaribu siku moja kisifunguke."

Kwa kuwa hatukuwa na kwa kwenda, akanieleza. Wazee wao wa elimu ya siri wanamwita Mungu En Sof, maana yake Asiye na Mwisho. Kabla ya dunia alikuwa amejaa kila fasi, hakukuwa na hata nafasi ya kuweka mchanga. Alipotaka kuumba, akajibana kwanza, akajivuta ndani, ili sisi tupate pa kukaa. Lakini hakuondoka kabisa. Katika kila kitu, hata kidogo namna gani, alibaki. Ndiyo maana mtu anasema baraka kwa ndizi.

Nilitazama ile foleni ya malori. "Basi angejibana kidogo tena, hawa wapite," nikasema.

Hakukasirika. Alitingisha kichwa kama mtu aliyesikia hoja ya maana, na hilo lilinikera zaidi.

Kapiri Mposhi

Tulifika Kapiri, ndani ya Zambia, Jumatatu jioni, tukalala. Sasa naomba msikilize kosa langu vizuri, maana mke wangu analisimulia vibaya.

Jumanne asubuhi Mzee alisinzia garini, mimi nikashuka kununua karanga. Mama muuzaji alikuwa anajua Kiswahili, amejifunza kwa madereva wa Tanzania wanaopita pale. Karanga zake zilikuwa za moto, zimeungua kidogo kama ninavyozipenda, lakini alikuwa anazifunga kwenye vifuko vya plastiki.

"Karatasi zimeniishia, baba," akaniambia.

Ninyi nyote mliokulia Uvira, Bujumbura, Bukavu, niambieni: karatasi kuukuu kwetu ni ya nini? Madaftari ya shule yalikwenda wapi? Mimi nimesoma hesabu za darasa la sita kwenye koni za karanga. Nikakumbuka sanduku la saba, lile lililokuwa linapeperusha karatasi zake kila tukipita shimo. Nilijua vitabu ni vitakatifu. Lakini vitabu! Vile vilikuwa vipande tu, havina jalada, havina mwanzo wala mwisho. Nikachota mkono mmoja, nikampa. Alifurahi sana, akanipa koni mbili za bure. Niliondoka najiona mtu mwema.

Kabwe, halafu Kapiri tena

Mzee aliamka tukiwa tunaingia Kabwe. Nikampa koni yake. Akamwaga karanga mbili kiganjani, akafungua mdomo kwa baraka ya vitu vya ardhini, akasema maneno mawili, matatu, akanyamaza. Aliiona karatasi.

Sijawahi kusikia baraka ikikatika katikati. Alimwaga karanga zote mapajani, akainyoosha ile karatasi juu ya goti, polepole, kwa kidole gumba.

"Iko ngapi?" akauliza.

"Ishirini hivi. Labda thelathini."

"Rudia."

"Papa, ni kilomita zaidi ya sitini. Mzee Nissim..."

"Rudia."

Njiani nilisema yote yaliyokuwa moyoni, na kwa sauti. Nilimwambia: wewe mwenyewe umesema Hana mwisho, yuko katika kila kitu, yuko katika ndizi, yuko chooni. Karanga zitamfanya nini? Karatasi ikipotea, Yeye anapungua?

Alingoja nimalize. "Angelikuwa na mwisho, ungelimutupa inje," akasema. "Sasa inje iko wapi? Nionyeshe fasi ya kumutupa."

Nikakanyaga mafuta.

Mama wa karanga alitushangaa. Karatasi kumi na moja alikuwa bado nazo chini ya sinia. Nyingine tayari zilikuwa koni, na koni zimeshanunuliwa. Mkanione basi, dereva wa Clairwood mwenye miaka ishirini barabarani, natembea lori kwa lori, nagonga milango, naomba watu karatasi zilizofungia karanga zao. Wa kwanza alidhani mimi ni askari, akaikunja akaimeza pamoja na karanga iliyobaki, naapa mbele ya Mungu. Mwingine alitaka kujua kama ni ramani ya dhahabu. Mchungaji mmoja alisikia ni Kiebrania akagoma kabisa kurudisha, akasema amepewa na Bwana. Mzee Vitali alikaa naye saa nzima juu ya tairi wakibishana, na mwisho mchungaji akairudisha analia, naye Mzee analia, na mimi nimesimama pembeni natazama saa.

Jioni tulikuwa nazo ishirini na mbili. Mama akakumbuka nyingine nne zilipanda basi la kwenda Nakonde, mpakani mwa Tanzania. Mzee Vitali akafungua mlango wa gari akakaa.

"Twende Nakonde."

Nilichomoa funguo nikaziweka mfukoni. "Hapana. Papa, hapana. Ukitaka kwenda kaskazini shika basi. Mwenzako amelala kusini."

Aliweka mikono juu ya zile karatasi zenye mafuta. Halafu akasema, "Kusini," na nilimhurumia kwa mara ya kwanza. Lakini Jumanne yote ilikuwa imekwenda, na ilikwenda kwa mkono wangu.

Chirundu hadi Beitbridge

Jumatano na Alhamisi niliendesha kama mwendawazimu. Lusaka tuliipita bila kunywa chai. Chirundu, mpakani mwa Zimbabwe, walitupitisha kwa masaa mawili, nikataka kushuka kuwabusu. Zimbabwe sikumbuki kitu ila kisigino changu kilivyouma, na Mzee kunikataza kuweka mkate wangu juu ya sanduku. Hatukuongea sana. Alikuwa anainyoosha karatasi moja moja, anaiweka ndani ya shati lake ili joto la mwili liiondolee mikunjo.

Simu iliita Alhamisi jioni tukiwa kwenye foleni ya Beitbridge, mpaka wa Afrika Kusini. Alikuwa mtoto wa Mzee Nissim. Baba yake amefariki asubuhi ile. Watazika kesho Ijumaa, saa saba mchana, kwa sababu Sabato inaingia jioni na Juni hii jua la Durban linazama mapema.

Mzee Vitali alisikiliza, akasema maneno yao ya msiba, akakata simu.

"Njia iko ngapi?"

"Kilomita elfu moja na zaidi."

"Tutafika?"

Nilihesabu. Kama hakuna kitakachotuzuia, tungefika na nusu saa ya ziada. Nikamwambia tutafika. Kimoyomoyo nilijua kwamba kama ile Jumanne isingepotea, saa hizi tungekuwa tunapumzika Harrismith, karibu na Durban.

Barabara ya N3

Tuliondoka Musina, ng'ambo ya mpaka, saa saba usiku. Johannesburg ilituacha tupite, na saa nne asubuhi nilianza kuamini. Kwenye mlima wa Van Reenen's nikaona taa nyekundu za malori zimepanga mstari mpaka kwenye ukungu. Lori moja lilikuwa limelala upande, limemwaga machungwa barabara nzima.

Tulikaa hapo masaa mawili na nusu. Watu walishuka wakaokota machungwa. Mtu mmoja akampa Mzee Vitali chungwa dirishani, akalishika, na nikamsikia anasema baraka yake. Hapo nililipuka. Nilimwambia nyamaza, Papa, nyamaza na baraka zako, rafiki yako anashushwa kaburini na wewe unashukuru machungwa! Nilisema kama mtoto asiye na adabu, na kwetu mtu hamsemeshi mzee hivyo. Alimenya chungwa. Akanipa nusu.

"Kula," akasema. "Una njaa, njo maana unakuwa mubaya."

Nililila. Nilikuwa na njaa kweli.

Alimpigia mtoto wa Nissim. Watasubiri mpaka saa nane, aliambiwa, zaidi ya hapo hawawezi, watu lazima wafike majumbani.

Makaburini

Tulifika saa tisa na nusu. Magari yote yalikuwa yameondoka. Kaburi la Mzee Nissim lilikuwa limejaa, udongo mwekundu umepangwa vizuri juu yake. Alikuwepo msimamizi tu, baba wa Kizulu mwenye funguo za geti mkononi.

"Eish, baba," akamwambia Mzee. "Walisubiri. Walisubiri kweli. Saa nane wakasema basi."

Akaeleza kwamba rabi ameruhusu vitabu vizikwe jirani, na yeye ameshatia kijiti cha alama. Vijana wa kuchimba wamekwenda, lakini sepetu ipo. Kijiti kilikuwa hatua mbili kubwa kutoka kaburini, kwa sababu, alisema, ukichimba karibu ukuta utabomoka.

Mzee Vitali alitazama kijiti, akatazama kaburi. Akakaa chini, palepale kwenye nyasi.

"Nilimuambia pamoja," akasema. "Hapana jirani. Pamoja."

Siku sita sikulala vizuri, jamani. Mgongo umekufa, hatia naibeba tangu Kapiri, na nilichokuwa nacho mdomoni ni maneno yake mwenyewe. Nikamwambia, "Papa, si ulinifundisha? Hana mwisho. Hakuna mahali ambapo hayupo. Yuko pale kwa Nissim na yuko hapa kwenye kijiti. Sasa hatua mbili ni nini kwake?"

Aliniinulia uso. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Kwake hakuna hatua," akasema. "Hatua mbili iko yangu."

Siku zote sita nilikuwa nabishana naye, na kila mara nilikuwa na la kusema. Safari hii nilisema tu nililopaswa kusema tangu Jumanne: "Papa, nisamehe. Ni mimi." Akanigusa mkono, akautumia kusimamia.

Nilikwenda nikaking'oa kijiti. Msimamizi alinitazama, akamtazama Mzee, halafu akasema anakwenda kuangalia geti. Geti halikuwa na shida yoyote. Akatembea taratibu sana kulielekea.

Nikaanza kuchimba hatua moja kutoka kaburini. Udongo ulikuwa mgumu, wenye mizizi, na jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti. Mzee alisimama ukingoni, karatasi zikiwa bado ndani ya shati lake.

"Leta huku kidogo," akasema.

Nikachonga ukuta wa upande wa kaburi.

"Kidogo tena."

"Papa, utabomoka."

"Kidogo."

Nilichonga, natokwa jasho, nalaani kimoyomoyo, nachonga. Shimo lilipofika kiunoni, sepetu iliingia bila kupiga kitu. Udongo wa upande ule ulikuwa laini, umefukuliwa leo, hauna mzizi hata mmoja. Ulikuwa wa kaburi la Nissim. Ukaanza kumiminika wenyewe, taratibu, ukaingia kwenye shimo letu na kufunika viatu vyangu.

Nikasimama. "Papa," nikasema, "imefika."

Aliinama akatazama ule udongo unavyoingia. Akatoa karatasi kifuani, zote ishirini na mbili na ile ya koni yake, akazilaza ndani ya sanduku la saba. Jua lilikuwa limebaki kidogo tu.

"Shusha," akasema, na mara hii hakunipa maelezo.